Idi Nizwa: mzee aliyelala garini, mwangalieni



Idi ikikaribia, sisi tunaokaa Ghubra huanza kupangana: nani ana gari kubwa, nani atapika, tuondoke saa ngapi kwenda Nizwa. Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Watoto wanataka ngome aliyoijenga Imam Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Kina mama wanataka soko, na wazee wanataka halwa.

Mimi ni muuguzi, nilisomea Zanzibar kisha Uingereza. Leo nataka kuzungumza juu ya abiria mmoja tu: bibi au babu mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi. (Si vidonge vyote viko hivyo, muulizeni daktari wake.)

Hatari iko wapi?

Asubuhi mzee anachoma insulini yake kama kawaida. Kwa haraka ya safari anakunywa chai na nusu kitumbua. Kisha anapanda ngazi za ngome juani, na chakula cha mchana kinangojea watu wote wakusanyike. Dawa inafanya kazi, chakula hakuna, na sukari inashuka.

Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyeletwa usiku baada ya matembezi ya Idi. Njia nzima ya kurudi jamaa zake walikuwa wakiambiana, "Amechoka, mwacheni alale." Nguo zake zilikuwa zimerowa jasho, na gari lina AC. Alipopimwa, sukari ilikuwa 1.9. Alipona, alhamdulillahi, lakini mwendo ungekuwa mrefu zaidi sijui tungesema nini.

Dalili za kuangalia

Kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Mzee mpole akianza kugomba bila sababu, mpimeni sukari kabla ya kumjibu. Akilala, mwamsheni kila baada ya muda na mumsemeshe.

Sukari ikiwa chini ya 4 (au 70 kwa mashine za kipimo kingine)

1. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpeni nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, isiwe ya "diet". Au vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji.
2. Msimpe halwa kwanza. Ina samli nyingi, na mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.
3. Pimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudieni.
4. Ikishapanda, apate chakula cha kushiba, kama mkate au wali.
5. Akiwa hajitambui, msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na pigeni 9999.

Kabla ya kutoka nyumbani

- Asichome insulini ya chakula mpaka chakula kiwe mbele yake. Msipunguze dozi kwa kukisia. Muulizeni daktari siku chache kabla.
- Mashine ya kupimia, juisi na biskuti ziwe kwenye mkoba wake mwenyewe, zisiwe kwenye buti.
- Insulini msiiache garini. Ibebeni kwenye kikoba cha baridi, lakini isigusane na barafu. Ikiganda haifai tena.
- Wazee wengi hawanywi maji wakiogopa kusumbua watu kwa haja ndogo. Simameni njiani bila kungoja waombe.
- Avae viatu vilivyofunika vidole hata pale Falaj Daris. Mguu uliokufa ganzi hausikii jiwe la moto.

Hapa Ghubra tumezoea kuwa na Royal Hospital karibu. Njiani msaada wa kwanza ni nyinyi mliomo garini. Basi kabla ya kuwasha gari, chagueni mtu mmoja mzima, asiye dereva, kazi yake siku hiyo iwe kukaa na bibi na kujua mkoba wake uko wapi.

Nakutakieni Idi njema na safari ya salama.