Viumbe wa Udongoni na Chuma cha Kishushe

Kishushe, katika nyanda kavu za Taita Taveta zinazopakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi, hujulikana kwa mawe yenye chuma, lakini chuma hicho kilikuwa ardhini kabla ya mchimbaji yeyote kufika, na mchwa na majongoo wamekizoea kwa vizazi visivyohesabika. Mchwa hata hukipandisha wenyewe, kwa kuwa hujenga vichuguu kwa chembe walizozitoa chini sana, na ndiyo maana watafutaji wa madini barani Afrika hupima udongo wa vichuguu. Uchimbaji huja na kasi ngeni: mwamba huvunjwa ukawa kifusi na vumbi, na madini yaliyofungika humo hutawanyika.

Mwili huhitaji chuma, ila kikizidi huharibu seli, kwa hiyo wadudu hukihifadhi ndani ya protini iitwayo feritini. Metali nzito kama kadimi na risasi, zisizo na faida yoyote mwilini, ni hatari zaidi. Kadimi hunaswa na metalothionini, protini ndogo yenye salfa nyingi, nao kolembola, vijidudu wanaorukaruka kwenye majani yanayooza, hujisafisha kwa njia ya ajabu, kwani kila wanapojivua ngozi huutupa pia utando wa utumbo uliokusanya sumu.

Ustahimilivu huo waweza kurithiwa. Huko Ulaya, kolembola wa aina ya Orchesella cincta wanaotoka kwenye udongo uliochafuliwa wana jeni ya metalothionini inayofanya kazi kwa nguvu kuliko ya wenzao wa maeneo safi. Katika Foundry Cove, kando ya mto Hudson nchini Marekani, ambako kiwanda cha betri kilimwaga kadimi kuanzia 1953 hadi 1979, minyoo wa matopeni walipata ustahimilivu katika miongo michache tu, kisha ukafifia baada ya matope kusafishwa mnamo 1994 na 1995, ishara kwamba kinga hiyo ina gharama, maana nguvu inayotumika kuzuia sumu hupunguzwa kwenye kukua na kuzaa.

Kwa hiyo kuwepo kwa mchwa karibu na machimbo si cheti cha usafi wa udongo, hasa kwa kuwa madini yaliyohifadhiwa miilini mwao huliwa na ndege na kuku. Sheria ya Kenya ya mazingira ya 1999 hudai tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza. Tathmini hiyo ingefaa ihesabu pia aina za viumbe hawa, na hesabu irudiwe uchimbaji ukiendelea, kwa sababu wasioweza kustahimili hutoweka kwanza.