Je, Wajua? Maskati na Watu Wasiokata Tamaa

Je, wajua kuwa timu ya taifa ya Omani ilipoteza fainali mbili mfululizo za Kombe la Ghuba kabla ya kulitwaa? Mwaka 2004, mjini Doha, Qatar iliwashinda kwa penalti. Mwaka 2007, Abu Dhabi, wenyeji wakawafunga 1-0. Januari 2009 mashindano yakaja Maskati, na fainali dhidi ya Saudi Arabia ikamalizika 0-0. Penalti tena! Hebu jiweke mahali pa mpigaji pale Bausher: uwanja umefurika, mpira uko kwenye kitone, na kila mtu anakumbuka Doha. Omani ilishinda 6-5.

Je, wajua kuwa kipa wa siku ile, Ali Al Habsi, hakufungwa hata bao moja katika mechi zote tano za mashindano hayo? Na kwamba kabla ya kandanda kuwa kazi yake alikuwa zimamoto katika uwanja wa ndege wa Seeb? Mwaka 2003 alikwenda Norway kuidakia Lyn ya Oslo, na mwaka uliofuata akachaguliwa kipa bora wa nchi ile. Januari 2006 Bolton ya Uingereza ikamchukua, na huko akakaa benchi zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kucheza mechi yake ya kwanza rasmi. Wengi wetu hapo tungerudi nyumbani. Yeye aliendelea kufanya mazoezi kama mtu atakayepangwa kesho, na msimu wa 2010/11 Wigan ikamtangaza mchezaji wake bora.

Wajua kujiamini hutoka wapi? Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuwa vyanzo vyake ni vinne. Kikubwa kuliko vyote ni kulifanya jambo mwenyewe ukaliweza, hata likiwa dogo. Cha pili ni kumwona mtu mfano wako akiliweza. Maneno ya kutia moyo yapo, lakini nguvu yake ni ndogo zaidi. Cha nne ni namna unavyousoma mwili wako: moyo unaokwenda mbio unaweza kuuita woga, au ukauita utayari. Ndiyo maana kumwambia mtoto “jiamini!” kisha ukamwacha hapo hapo ni kumwekea sahani tupu. Mpe kazi anayoiweza kwa taabu kidogo. Akimaliza, mpe nyingine.

Je, wajua kuwa Omani ya mwaka 1970 ilikuwa na shule tatu tu za serikali, zote za wavulana, zenye wanafunzi wapatao 900? Julai mwaka huo Sultan Qaboos aliingia madarakani, akawaita Waomani waliotawanyika nje warudi wajenge nchi. Miongoni mwa walioitika walikuwamo watu wa Unguja na Pemba waliokimbia baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Walikuja na elimu ya Kiingereza na Kiswahili cha nyumbani, wakaingia kwenye hospitali, shule, kampuni ya mafuta na ofisi za serikali. Wanawake pia, tena si wachache.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jambo hili husimuliwa kwa wepesi mno. Wengi wao Kiarabu cha kusema hawakuwa nacho. Kurani waliisoma tangu chuoni, lakini kusoma msahafu ni jambo moja, na kuandika barua ya ofisi au kubishana sokoni Mutrah ni jambo jingine. Mtu ana majina ya ukoo wa Kiomani, ana babu aliyezikwa bara ya Omani, na bado anaulizwa mbona hasemi kama wenziwe. Wakajifunza ukubwani, wakikosea mbele ya watu. Nyumba nyingi za Maskati leo zina Kiswahili na Kiarabu juu ya sinia moja la wali, na kwangu mimi huo ni ushindi wa kujivunia kama lile kombe.

Wajua habari za Sheikh Ali Muhsin Al Barwani? Alikuwa waziri Zanzibar. Baada ya mapinduzi alikaa kizuizini zaidi ya miaka 10, hadi 1974. Mwaka 1995, akiwa na miaka 76, tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilichapishwa. Akaandika na kumbukumbu za maisha yake.

Je, wajua kuwa mwaka 1980 jahazi lililoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari katika ubavu wake, liliondoka Maskati likafika Canton, China, Julai 1981? Ni Sohar, lililoundwa Sur kwa usimamizi wa msafiri Tim Severin. Watu wa Lamu wataukumbuka mtepe, chombo chao cha kushonwa. Njiani foromali ilivunjika na upepo ukakatika. Mabaharia wakakinga maji ya mvua, wakatengeneza, wakangoja. Leo jahazi lenyewe limesimama karibu na Al Bustan.

Je, wajua kuwa Mei 2019 Nadhira Al Harthy, mfanyakazi wa Wizara ya Elimu, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Omani kufika kilele cha Everest? Mwomani wa kwanza, Khalid Al Siyabi, alifika 2010. Mfano ulikwishakuwapo, kilichobaki ni mazoezi, na Nadhira aliyafanya kwa takriban miaka miwili.

Na wajua kwamba mlima wa kuanzia uko mjini? Njia ya zamani ya miguu iitwayo C38 hupanda kutoka Riyam na kuteremkia Mutrah. Imewekwa alama za rangi kwenye mawe, na watu wengi huimaliza kwa takriban saa mbili. Nenda kati ya Novemba na Machi, asubuhi na mapema, uvae viatu vyenye soli ya kushika, ubebe maji kuliko unavyodhani utahitaji, na umchukue mwenzio anayesema hawezi.