Mwezi wa Saa ya Mkono Hauandami

Bwana aliyevaa saa yenye mwezi usoni hana haja ya kuulizwa kama ana fedha. Saa ya namna hiyo kutoka Geneva, iwe ya Patek Philippe au ya wenziwe, bei yake yaweza kumnunulia mtu shamba la mahindi. Basi na tuipeleke huko huko kwenye mahindi. Mswahili wa Mombasa aliyehamia Kachibora, kule Trans Nzoia karibu na vilima vya Cherangany, akiwa nayo mkononi jioni ya kutazama mwezi, itamfaa nini?

Kwanza tuifungue. Ndani hamna betri; mna kamani, na kamani ndiyo iendeshayo magurudumu. Gurudumu moja lina meno 59, na kila siku husukumwa jino moja. Juu yake pana kisahani cha buluu kilichochorwa miezi miwili. Mmoja ukizama, mwenziwe huchomoza. Gawa 59 kwa mbili, utapata siku 29 na nusu. Lakini mwezi wa mbinguni huchukua, kwa wastani, siku 29, saa 12 na dakika 44. Hizo dakika 44 ndizo fitina: kwa muda wa miaka miwili na miezi minane hivi, saa imekwisha kukosea siku nzima. Mafundi hawakukubali, wakabuni gurudumu la meno 135, likosalo siku moja tu katika miaka 122. Kazi ya kusifiwa hiyo, hakuna ubishi.

Walakini saa huanza hesabu penye kiza, mwezi unapokutana na jua, wala si pale unapoandama. Nasi hatufungi kwa kiza. Twafunga kwa kuuona, au kwa kutimiza siku 30. Hiyo nusu ya fundi haina mahali.

Tena Kachibora iko magharibi, na jua huchwa huko dakika kadhaa baada ya Mombasa. Katika dakika hizo mwezi huzidi kidogo kujitenga na jua. Ni kitu kidogo, ndiyo, lakini mwezi mchanga wenyewe ni kitu kidogo. Jicho la Kachibora laweza kuunasa ulioponyoka Mombasa, endapo mawingu ya Mlima Elgon, ulio upande wa machweo, yataruhusu. Saa haijui hayo. Ivaliwe Kachibora, Lamu au London, huonyesha mwezi ule ule, tena umesimama ubavu kama wauonavyo Wazungu kwao, ilhali huku karibu na ikweta hulala chali kama dau.

Bwana wetu akiuona, ushahidi wake ndio utakaopelekwa kwa kadhi. Ataulizwa alikuwa na nani, mwezi ulikuwa upande gani, pembe zake zilielekea wapi, na ilikuwa saa ngapi. Hapo penye saa ngapi ndipo akrabu zake zitakapomfaa.