Faili Hufutwa Kabla Amri Haijaanza

Mkazi wa Milimani, hapa Nakuru, anayepima mvua uani kwake hahitaji programu kubwa ya kuweka kumbukumbu. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma vipimamvua, anasoma chake, kisha anaandika kwenye dirisha la amri:

echo "2025-04-14 12.5" >> mvua.txt

Tarehe na milimita zimeingia mwishoni mwa faili. Kama halikuwapo, limeundwa papo hapo. Ni maandishi ya kawaida tu, ambayo kompyuta yoyote huyasoma.

Katika jiji lililoshuhudia Ziwa Nakuru likipanda hadi kufunika barabara na lango kuu la mbuga, kumbukumbu za namna hii ni mali. Nami nasikitika kuona zikipotea kwa sababu ya alama moja.

Alama hiyo ni >, iliyokuwamo tangu toleo la kwanza la Unix, mwaka wa 1971. Zikiwa mbili, huongeza. Ikiwa moja, hufuta kilichokuwapo. Hilo hufundishwa siku ya kwanza. Kisichofundishwa sana ni lini hasa ufutaji hutokea. Bash, programu inayopokea unachoandika, hulifungua faili na kulikomba kwanza, ndipo huita amri yenyewe. Tuseme unataka kupanga mistari kwa tarehe:

sort mvua.txt > mvua.txt

Utabaki na faili la baiti 0, kwa kuwa sort ilipofika haikukuta cha kupanga. Hata ukikosea herufi ukaandika srot, Bash italalamika kwamba haiijui amri hiyo, na mvua ya masika yote imeshakwenda. Usiitafute kwenye pipa la takataka la kompyuta, haipiti huko.

Njia salama ya kupanga ni sort -o mvua.txt mvua.txt, kwani sort husoma mistari yote kabla ya kuandika. Lakini ningependa kila anayetunza kumbukumbu aongeze mstari huu kwenye faili la .bashrc:

set -o noclobber

Ukifungua dirisha jipya, Bash itakataa kuandika juu ya faili lililopo kwa >, huku >> ikifanya kazi kama kawaida. Siku unayokusudia kweli kufuta, andika >|.