Mbuni mwitu wa pwani hauwekwi ghalani

Kutoka misitu ya Shimba Hills nchini Kenya, kupita pwani ya Tanzania hadi Msumbiji, huota mbuni ambao wanywaji wengi wa kahawa hawajapata hata kuusikia. Wataalamu wanauita Coffea pseudozanguebariae, jina ulilopewa mwaka 1982. Ni kichaka kinachojificha chini ya miti mikubwa. Kiangazi hupukutisha majani, mvua zikirudi huchanua maua meupe, na buni yake haina kafeini. Mtu akiuona mwambao wote huo kwenye ramani atasema mmea huu una nafasi tele, hauna haja ya kutetewa. Hapo ndipo hesabu inapopotoka. Mbuni huu makao yake ni msitu, na uoto wa asili wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki umebaki kiasi cha asilimia 10 tu, tena vipande vipande. Kipande kikichomwa mkaa au kikipimwa viwanja, mibuni iliyomo haina pa kuhamia.

Mwaka 2019, watafiti wa bustani ya Kew, Uingereza, walitangaza kwamba kati ya spishi 124 za kahawa duniani, asilimia 60 zimo hatarini kutoweka. Wapo watakaosema basi tuchukue mbegu tuziweke akiba. Kwa mahindi ingewezekana. Mbegu za kahawa hazistahimili kukaushwa na kugandishwa kwa miaka mingi, kwa hiyo akiba yake ni mti ulio hai: shambani pa watafiti, palipo na gharama na miti michache ya kila aina, au msituni, ambako mmea unaendelea kupambana na ukame na magonjwa kizazi hadi kizazi.

Pingamizi zito zaidi ni la tumbo: kahawa hii ni chungu, haina soko, na watu wanataka kuni na mashamba. Ni kweli, leo haiuziki. Lakini Ruiru 11, aina iliyotolewa Kenya mwaka 1985 na kuwapunguzia wakulima gharama ya kupulizia dawa za chulebuni na kutu ya majani, ilipata sehemu ya kinga yake kutokana na mchanganyiko uliojizalia wenyewe kisiwani Timor, kati ya arabika na robusta. Hakuna aliyeupanga. Joto linapozidi kupanda kwenye mashamba ya arabika, mbuni uliozoea joto la pwani na usio na kafeini si wa kutupwa kwa bei ya gunia la mkaa.

Wala mzigo wa kuulinda msitu si haki kumtwika mchoma mkaa peke yake. Wazee wa Kimijikenda wamelinda kwa miiko misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, iitwayo kaya, na UNESCO ikaitambua mwaka 2008; hawawezi kuendelea kuilinda bila hati za ardhi zinazoheshimiwa na kipato kinachotokana na msitu uliosimama. Serikali za pwani zianzie hapo, kabla ya kupima kiwanja kingine.