Mtapo na Majira Yake ya Kuzaa

Wakazi wengi wa Geita na Shinyanga wanaujua mtapo wa bustani: shina nene, majani magumu yaliyotandaa juu, umepandwa mbele ya ofisi au hoteli. Huo kwa kawaida ni Cycas revoluta, mgeni kutoka Japani. Jamaa zake wa Afrika wako mbali na bustani, na hali yao ni mbaya. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, kwenye vilima vya Thruston Bay nchini Uganda, unaota Encephalartos equatorialis. Morogoro, katika Mlima Kanga, upo Encephalartos kanga, uliopewa jina la kisayansi mwaka 2007. Yote miwili imo katika daraja la mimea iliyo hatarini mno kutoweka.

Watu huuliza imebaki mingapi. Mimi huuliza kwanza kama bado inazaa.

Mtapo dume na mtapo jike ni miti miwili tofauti, na mitapo haitoi maua bali koni. Koni dume ikikomaa hulegeza magamba na kumwaga chavua kwa siku chache. Koni jike nayo hufungua mianya myembamba kati ya magamba yake kwa muda mfupi, kisha hujifunga. Siku hizo zisipokutana, msimu umepotea, na mtapo hautoi koni kila mwaka.

Zamani ilidhaniwa upepo ndio unaobeba chavua. Majaribio ya Afrika Kusini yaliyowazuia wadudu kufikia koni yalionyesha kwamba bila wao mbegu hai hupungua sana. Wachavushaji wakuu wa mitapo ya Afrika ni mbawakawa wadogo, wakiwemo fukusi. Hutaga na kukulia ndani ya koni dume, wakila nyama yake. Koni hujipasha joto kuliko hewa inayoizunguka na kutoa harufu kali. Hapo wadudu hutawanyika wakiwa na chavua mwilini, na wengine huingia kwenye koni jike. Koni dume zikikosekana kilimani miaka kadhaa, fukusi hao hukosa pa kuzalia.

Sasa fikiria kilima chenye mitapo thelathini. Mwaka huu majike matatu yana koni, dume ni moja, nalo limewahi wiki tatu. Mpita njia ataona miti mizima ya kijani. Baadaye ataona hata mbegu nono, maana mbegu ya mtapo huweza kunenepa bila kurutubishwa. Ukiipasua hukuti kiinitete. Kwa kuwa mtapo huishi miaka mingi sana, kilima kinaweza kuonekana salama huku uzazi umeshakoma.

Mfano mchungu zaidi ni Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood aliukuta katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini: dume moja, lenye mashina kadhaa. Jike halijapatikana hadi leo. Miti yote ya aina hiyo duniani ni machipukizi ya dume lile.

Wasukuma wanalielewa jambo la majira kuliko wengi. Ngitili, yaani eneo la malisho linalotengwa, hufungwa mvua zinapoanza ili majani na vichaka vipate nafasi ya kukua na kuzaa, kisha hufunguliwa kiangazi. Na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyo. Mtapo nao unahitaji ulinzi unaofuata kalenda yake. Kung'oa dume moja kwa ajili ya bustani kunaweza kuacha majike ya kilima kizima bila chavua, na biashara ya kimataifa ya mitapo ya Encephalartos ya porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES.

Panapokosekana mwafaka wa siku, mkono wa mtu unaweza kusaidia. Chavua hukusanywa, hukaushwa na kuhifadhiwa kwenye friza. Magamba ya koni jike yakilegea, chavua hupulizwa ndani kwa mrija, na kazi hurudiwa kwa siku kadhaa. Vifaa vyake ni rahisi. Kigumu ni kuijua siku yenyewe, na kwa hilo anahitajika mtu anayeishi karibu na kilima, anayezikagua koni msimu mzima na kulipwa kwa kazi hiyo.