Nyimbo za Mama, Nyimbo za Mtoto

Mpunga unapoanza kutoa mashuke katika bonde la Kilombero, familia nyingi za Ifakara na vijiji vyake huhamia mashambani kuamia ndege. Mama na watoto hushinda huko kutwa nzima. Zamani redio moja ilitundikwa kwenye nguzo ya dungu, na wote waliisikiliza. Siku hizi kijana ana simu yake, na nyaya zimeziba masikio. Mama anamwita mara tatu, haitiki.

Hapo ugomvi huanza. Mama anaamuru makelele yazimwe. Mtoto anazima, ananuna, kisha anakwenda kusikiliza mbali na mama. Ugomvi umekwisha, lakini na mazungumzo yamekwisha pia. Hilo la pili ndilo la kuogopa.

Sisi pia tulisemwa

Akina mama wenzangu, tusisahau tulikotoka. Mkoa wetu wa Morogoro una sifa kubwa katika muziki wa dansi. Salum Abdallah aliipatia jina bendi yake ya Cuban Marimba hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 alianzisha Super Volcano, na Januari 1979 naye akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa.

Leo nyimbo hizo tunaziita zilipendwa na kuzitolea mfano wa adabu. Lakini wazee wetu wengi hawakuziona hivyo. Kwao dansi ilikuwa pombe, kukesha, na binti kutoroka kupitia dirishani. Mzee aliyezoea ngoma ya sangula alisikia gitaa la umeme kama kelele tupu. Tena tuseme kweli: si kila wimbo wa zamani ulifundisha mema. Zipo nyimbo zilizomdharau mwanamke, na sisi wenyewe tulizicheza kwa furaha.

Chujio limehamia nyumbani

Lipo hata hivyo jambo moja lililobadilika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilisikiliza Radio Tanzania, nayo ndiyo iliyochagua nyimbo za kupigwa hewani. Baada ya sheria ya mwaka 1993, vituo vya watu binafsi vilianza, na vijana waliokuwa wakighani kwa Kiswahili wakapata nafasi. Ndivyo Bongo Fleva ilivyoenea. Kisha ikaja simu, na kijana huchagua mwenyewe, saa yoyote. Chujio lililokuwa mikononi mwa redio sasa limebaki mikononi mwa mzazi. Mzazi asiyesikiliza hawezi kuchuja.

Tena akisikiliza, atashangaa. Wapo wanaoimba matusi, lakini wapo pia wenye ujumbe. Professor Jay, katika wimbo wake wa Ndio Mzee wa mwaka 2001, aliwakejeli wanasiasa wanaotoa ahadi za uongo. Baadaye mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi, kwa jirani zetu, kuanzia 2015 hadi 2020.

Chukua pia Maria Salome, wimbo uliompatia sifa Saida Karoli wa Kagera mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya kwa jina la Salome. Mama anaujua wa kwanza, mtoto anaujua wa pili. Wakisikiliza zote mbili pamoja, wana la kuzungumza: nini kimebaki, nini kimebadilika, na mwanamke anaonyeshwaje katika kila mmoja.

Tufanye nini?

Mtume Paulo aliwashauri Wathesalonike wapime kila jambo kabla ya kulipokea. Hakusema tupime kwa umri wa wimbo. Basi tujaribu hivi:

1. Mwombe mtoto akupigie wimbo anaoupenda. Usikilize hadi mwisho bila kumkatiza.

2. Muulize maneno yake yana maana gani, na kwa nini anaupenda. Kijana anayerudia wimbo wa huzuni usiku kucha huenda ana jambo zito moyoni asiloweza kulitamka. Sauli alitulizwa na kinubi cha Daudi. Watoto wetu nao hutafuta faraja.

3. Wimbo ukiwa mchafu, taja ubaya wake waziwazi: unamdhalilisha msichana, au unasifia ulevi. Mtoto huelewa sababu kuliko amri.

4. Mpigie nawe wimbo wako, na ukubali kuulizwa maswali yaleyale.

5. Kwa wadogo, weka mpaka: simu isilale nao kitandani. Baba naye aushike mpaka huo, isiwe mama anakataza na baba anaruhusu.

Hatuna budi kukiri kwamba hatutapenda kila kinachopigwa. Si lazima. Mama anayesema, “Wimbo huu siupendi, lakini nieleze,” bado ameacha mlango wazi. Siku binti yake atakapopatwa na shida kubwa kuliko wimbo, atajua pa kuingilia.

Msimu ujao mkiwa kwenye dungu, mwombe mwanao atoe nyaya masikioni. Ndege wafukuzwe kwa wimbo mmoja wa mama na mmoja wa mtoto, kwa zamu.